Maua ya Desemba Malindi: kupamba nyumba na kuzawadiana mimea msimu wa kaskazi

Desemba Malindi ni mwezi wa kaskazi. Upepo umegeuka na unavuma kutoka kaskazini mashariki, mvua za vuli zinamalizikia au zimekwisha kabisa, jua la adhuhuri linapita nyuzi 30, na kuta za mawe hazipoi hadi usiku wa manane. Na ndio mwezi huohuo mji unapojaa. Shule zimefungwa, jamaa wa Nairobi wameteremka, harusi zinafuatana, kina mama wa makanisani wanagawana zamu za kupamba altare, na Krismasi ikipita kuna Mwaka Mpya. Kila nyumba inataka kupendeza, na kila mgeni hataki kuingia kwa watu mikono mitupu.

Shida ni kwamba mapambo mengi tunayoyaona kwenye picha yametungwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ulaya wakati huu miti mingi imepukutika na siku ni fupi, ndiyo maana watu huingiza ndani matawi ya msonobari na ya holi, kichaka chenye majani ya miiba, na chochote kingine ambacho baridi haikukiua. Huku kwetu kijani hakijaenda popote. Kinachotuharibia maua sisi ni joto, upepo na maji ya chumvi. Kwa hiyo shauri langu ni moja, na mengine yote yanalifuata: tumia kinachoota hapa pwani, kinachostahimili kaskazi, na ukiandae mapema.

Kuanza mapema

Anayetaka kutoa zawadi ya mche alioukuza mwenyewe aanze mwisho wa Oktoba, vuli ikiwa bado inanyesha na hewa ina unyevu. Kata vipandikizi vya asumini na bogenvilia urefu wa kiganja na nusu, toa majani yote isipokuwa mawili matatu ya juu, na uvichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji, kivulini. Asumini inahitaji wiki sita hadi nane kushika mizizi vizuri, na bogenvilia huenda ikachukua zaidi.

Mrehani ni mwepesi. Katikati ya Novemba weka vitawi vyake kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila baada ya siku moja, na ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Vipande vya mchaichai vyenye shina lake la chini vinaota vivyo hivyo. Ukishaona mizizi yenye urefu wa kidole, hamishia kwenye udongo.

Wiki ya kwanza ya Desemba ni ya kutafuta vitu vikavu: makarara, chelewa, vifuu, maganda ya mbegu. Maua ya kupangwa yakiwa mabichi usiyaguse mpaka siku moja kabla ya kuyahitaji. Nimeona watu wakikata bogenvilia tarehe 20 kwa ajili ya tarehe 25, na hilo haliwezekani kwa joto hili.

Kama umechelewa na Desemba imeshaingia, nunua miche kwa wauzaji wa kando ya barabara. Chagua uliokaa kwenye mfuko wake kwa muda, wenye mizizi inayochungulia chini, wala usidanganyike na ule wenye maua mengi zaidi. Maua yatapukutika kwenye tuktuk, mizizi ndiyo utakayomkabidhi mwenzio.

Mvinje ndio mti wetu wa Krismasi

Wakristo wa bara huweka tawi la msaiprasi. Sisi tuna mvinje, na sioni sababu ya kuagiza mti wa plastiki mtu akiwa na mvinje nyuma ya nyumba. Unapenda mchanga, unavumilia upepo wa chumvi, na umezoeleka hapa hata sehemu ya ufuoni kusini mwa mji ikaitwa Casuarina kwa jina lake la kitaalamu. Zile nyuzi za kijani zinazodhaniwa kuwa majani ni vitawi vyembamba sana, na majani yake ya kweli ni magamba madogo kwenye viungo vya vitawi hivyo. Ndiyo maana mvinje haunyauki kwa siku moja kama matawi mengine.

Wakulima wengi wa Kilifi hupanda mivinje kwa ajili ya fito na nguzo za kujengea. Mti ukishaangushwa, mkulima anachukua shina, na kilele aghalabu huishia kuwa kuni. Hicho kilele ndicho unachokitaka. Nenda shambani mapema, si mkesha wa sikukuu, na uombe kwa adabu: “Shikamoo baba. Nasikia unavuna mivinje wiki hii. Naomba uniwekee kilele kimoja, nitakifuata na hela.” Utapata mti mzuri kwa bei ndogo, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yako peke yako. Usikate mivinje ya ufuoni, maana ndiyo inayozuia mchanga usihame. Mikoko pia iache ilipo, na vilevile mimea ya msitu wa Arabuko-Sokoke: kukata msituni bila kibali cha Shirika la Misitu ni kosa kisheria, na okidi ya msituni ikiletwa sebuleni haimalizi mwezi.

Mti ukifika nyumbani fanya hivi:

1. Upunguze sentimita mbili tatu kitakoni kwa msumeno. Sehemu iliyokatwa shambani imeshakauka na haitanyonya maji.

2. Utumbukize kwenye ndoo ya maji kivulini usiku mzima kabla ya kuuingiza ndani.

3. Chukua ndoo nyingine imara, weka mawe makubwa chini, simamisha mti, jaza mawe madogo na mchanga wa mto hadi usimame wima bila kushikwa. Mimina maji mpaka yaonekane juu ya mchanga. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi.

4. Uweke mbali na feni na mbali na mlango unaopokea upepo wa kaskazi. Feni ndiyo inayokausha mvinje upesi kuliko kitu chochote.

5. Ongeza maji kila asubuhi. Ukitunzwa hivi utafika Mwaka Mpya ukiwa bado kijani, ingawa vitawi vya chini vitaanza kupukutika.

Mvinje una matawi laini, hauwezi kubeba mapambo mazito. Tundika vitu vyepesi: vikoni vyake vyenyewe, maua makavu ya bogenvilia, samaki na nyota za ukindu zilizosukwa na watoto. Taa ziwe za LED, maana hazipati joto. Mishumaa isiwashwe karibu na mti huu hata kidogo, hasa kwenye nyumba ya makuti. Mvinje mkavu ni kuni kali, na paa la makuti likishika moto kwenye upepo wa Desemba halizimiki kwa ndoo, na moto huruka hadi nyumba ya jirani. Hili nalisisitiza kwa sababu kila mtu wa Malindi amewahi kuona paa la makuti likiteketea.

Ukipenda mti ulio hai, nunua mche wa mvinje kwenye ndoo. Sikukuu zikipita, uache kwenye ndoo yake kivulini, unywe maji, mpaka masika ya Aprili. Kuupanda ardhini Januari ni kuutupa kwenye miezi mikavu kabisa ya mwaka.

Maua ya kukata

Kata alfajiri, kabla jua halijapanda. Wakati huo shina limejaa maji ya usiku. Nenda bustanini na ndoo ya maji mkononi, na kila shina liingie majini papo hapo. Tumia kisu kikali au wembe na ukate kwa mshazari. Majani yote yatakayozama majini yaondoe, maana yakioza yanaziba njia za maji kwenye shina. Kisha ndoo ikae mahali pa giza na penye ubaridi kwa saa mbili tatu kabla ya kupanga chochote.

Maji ya kupangia yawe matamu. Visima vingi vya mjini karibu na bahari vina chumvi, na maua hayaipendi. Tumia maji ya mfereji au ya mvua uliyokinga wakati wa vuli. Kwa kila lita tia kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, na dawa inazuia uozo. Hiyo dawa usiichanganye na ndimu, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Na usiweke maua karibu na maembe. Desemba ni msimu, meza zimejaa ngowe na boribo, na watu hupenda kupanga tunda na ua pamoja kwa sababu linapendeza machoni. Embe linaloiva, na ndizi pia, hutoa gesi inayozeesha maua; waridi lililo kando ya sinia la maembe litaangusha petali siku mbili kabla ya wenzake. Panga matunda meza moja na maua meza nyingine.

Sasa maua yenyewe. Bogenvilia iko kila ua wa Malindi, na ndiyo inayowavunja watu moyo zaidi, kwa sababu ikikatwa inanyauka ndani ya saa moja. Dawa yake ni kuondoa majani yote ya kijani, kisha kuuzamisha mkono mzima wa maua, shina na rangi zake, kwenye karai la maji kwa saa moja au mbili. Ikitoka hapo itakaa siku mbili tatu. Lakini uzuri wake mkubwa uko kwenye kukauka. Zile karatasi za rangi ya zambarau, nyekundu na chungwa ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijiua cheupe kilicho katikati. Kwa kuwa ni majani, hukauka bila kuoza na rangi hubaki kwa wiki nyingi. Zianike kivulini juu ya gazeti siku nne tano, zitunge kwa sindano na uzi, na una mapambo ya mlango, ya mti, ya ngazi, bila gharama.

Hibiskasi hufunguka siku moja tu, na inabaki wazi siku hiyo uiweke majini au usiiweke. Kwa hiyo ni ua la meza ya chakula cha mchana: litandaze tu juu ya kitambaa. Kama sherehe ni ya jioni, chuma asubuhi linapoanza kufunguka, liweke kwenye friji ndani ya kibakuli kilichofunikwa, ulitoe wageni wakikaribia. Furangipani usilishike shina wala usilipange. Lielee kwenye karai la maji barazani, maua kumi na mawili yanatosha nyumba nzima kunukia. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, osha mikono.

Ule mti mkubwa wenye maua mekundu yanayowaka barabarani wakati huu, ambao Tanzania huuita mkrismasi, asili yake ni Madagaska. Petali zake hazidumu zikichumwa. Okota maganda yake marefu meusi yaliyoanguka, yanafaa kutundikwa na watoto watayatumia kama kayamba.

Waridi za dukani nyingi zinatoka Naivasha na nyanda nyingine za juu, zimezoea ubaridi, na zikifika kwetu zimeshapitia joto la safari. Si mbaya, lakini uzinunue siku ileile utakayozitoa. Bonyeza kidogo chini ya ua, mahali linapoungana na shina: likiwa gumu ni bichi, likibonyea liache.

Poinsetia ndiyo ua ambalo wageni wetu Waitaliano hulitafuta, kwao huitwa nyota ya Krismasi. Ni la Mexico, na aliyelipeleka Marekani katika miaka ya 1820 alikuwa balozi Joel Poinsett, ndiyo maana likapata jina hilo. Jekundu lake nalo ni majani. Linapenda usiku mrefu wa giza ili ligeuke rangi, kwa hiyo la uani lisikae chini ya taa inayowaka usiku kucha. La chunguni liweke mahali penye mwanga wa asubuhi tu, na udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Likipigwa na jua la saa nane litaangusha majani yote.

Mnazi unatoa vyombo vyote

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja cha kupambia nisingependa kukikosa, ningesema karara. Ni lile ganda gumu linalofunika kole la mnazi kabla halijatoka, likianguka linakuwa na umbo la mtumbwi. Lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, lianike, lipake mafuta ya nazi kidogo, na una chombo cha katikati ya meza ndefu. Ndani yake weka vibakuli vidogo vya maji, ufiche kwa vitawi vya mvinje, uchomeke hibiskasi au asumini kati yao. Karara moja linatumika mwaka hadi mwaka.

Kwa tao la mlangoni au la kanisani, omba makuti mabichi mawili, moja kila upande, uyafunge kwenye mihimili na uyakutanishe juu. Makuti mabichi hukaa kijani siku nne tano yakiwa kivulini. Kabla ya kuyasimamisha, ukuti mmoja mmoja unaweza kukunjwa au kusukwa. Muombe bibi yeyote anayejua kusuka akuonyeshe, na umkalishe karibu na watoto, kwani ujuzi huu unaondoka na wazee wetu huku watoto wakinunua utepe wa plastiki.

Duara la maua la kutundika mlangoni linapendwa na wageni, na linatengenezeka kwa chelewa: kusanya chelewa kama hamsini, ziloweke, zikunje duara, zifunge kwa ukindu, kisha chomeka mvinje na bogenvilia kavu. Tahadhari moja tu. Huku kwetu duara la maua meupe watu wamelizoea msibani, na jirani akiliona mlangoni mwako atabisha hodi kutoa pole. Lijaze rangi nyekundu na ya chungwa, na juu yake ning'iniza kitu cha furaha, hapo hatakosea mtu.

Makombe na matumbawe usiyaokote kwa ajili ya mapambo. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968, kuchukua chochote humo ni marufuku, na kaa wa ufuoni anahitaji kombe kuliko sebule yako.

Asumini na kikuba

Hapa ndipo Malindi na Lamu hazihitaji kujifunza kwa mtu. Kabla ya karatasi za zawadi kulikuwa na asumini kwenye kipande cha jani la mgomba, na hadi leo hakuna zawadi inayopokelewa kwa tabasamu kama hiyo. Inafaa kwa Mwislamu na Mkristo, kwa bibi harusi na kwa mama mkwe, na kwa mgeni aliyefika jana. Jirani asiyesherehekea Krismasi hatajiuliza kama zawadi yako inamhusu.

Asumini huchumwa jioni, baada ya alasiri, ikiwa bado tumba. Chagua tumba lililovimba na kuwa jeupe kabisa. La kijani halitafunguka na lililofunguka tayari litafifia kabla ya isha. Ukishachuma, nyunyizia maji kidogo na ufunike kwa kitambaa kibichi. Usiziloweke, zitageuka kahawia.

Kutunga koja, pitisha sindano nyembamba kwenye kile kijishina cha chini ya tumba, si kwenye tumba lenyewe, na ulipange tumba moja likiangalia kulia na la pili kushoto ili koja lijae pande zote. Uzi uwe wa pamba, ulowe maji kwanza. Usivute kwa nguvu. Koja la shingo linachukua matumba mengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo jirani wawili watatu wachume pamoja, na mazungumzo ya baraza yatawasaidia kumaliza.

Kikuba ni kifungu kidogo cha kubandika kwenye nguo kifuani. Chukua vitawi viwili vya mrehani viwe mgongo wake, zungushia asumini, katikati weka petali za waridi au ua la mlangilangi, na ukipata kipande cha kadi, yaani ua la mkadi, kitie, kwani harufu yake inadumu hata baada ya maua kunyauka. Funga kitako kwa uzi, kisha kizungushie ukindu ulioloweshwa. Nyunyiza marashi kidogo. Kiweke kwenye kibakuli kilichofunikwa mahali pa ubaridi, na kabla ya kukitoa kipitishe juu ya moshi wa udi mara moja tu, kwa mbali. Matumba yatafunguka usiku, sherehe ikiwa imeshika, na hapo ndipo mtu aliyekivaa atakapokukumbuka. Kesho yake kikiwa kimenyauka huwekwa kati ya nguo kabatini.

Kama mwenye mti ni mwingine, usichume bila ruhusa hata kama matawi yameangukia njiani. “Shikamoo bibi, naomba asumini kidogo ya kikuba, ni zawadi ya shangazi.” Nani atakataa? Na umrudishie kimoja kilichotungwa.

Zawadi yenye mizizi

Ua la kukata linaisha baada ya siku chache. Mche unamfuata mtu mwaka mzima, na ndiyo zawadi ninayoipenda kutoa. Ila lazima uchague unaoweza kuishi na kaskazi mpaka Machi kwa mtu ambaye pengine hamwagilii kila siku.

Kwa mwenye ua na jua, toa waridi la jangwani. Mmea huu wenye shina nene na maua ya waridi ni mwenyeji wa pwani yetu, unahifadhi maji shinani, na ukimwagiliwa mara moja kwa wiki unatosheka. Lakini utomvu wake ni sumu kali, katika sehemu kadhaa za Afrika umetumika kupaka mishale, kwa hiyo usimpe mwenye mtoto anayetambaa wala mwenye mbuzi asiyefungwa, na utakayempa mwambie wazi. Kwa mwenye nyumba ya ndani isiyo na jua, sanseveria: inavumilia kivuli, na kinachoiua ni maji mengi. Kwa mpishi, mrehani na mchaichai kwenye chungu kimoja, au mche wa ndimu. Kwa maharusi, mlangilangi au mkomamanga, wakaupande masika ikifika. Mshubiri kwa yeyote. Hauna adabu ya kufa.

Chombo tengeneza kwa kifuu. Nazi ikishakunwa, chagua nusu isiyo na matundu, kwangua nyuzi za nje kwa kisu, sugua kwa msasa hadi iwe laini, toboa matundu matatu chini kwa msumari uliopashwa moto, na upake mafuta ya nazi. Kinatosha mche mdogo wa mrehani au chipukizi la mshubiri. Kwa mimea mikubwa tumia chungu cha udongo kilichotobolewa. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, hivyo changanya mafungu mawili ya udongo mwekundu, moja la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, na moja la nyuzi za makumbi zilizolowekwa na kusuuzwa mara mbili tatu ili chumvi itoke. Panda angalau wiki mbili kabla ya siku ya kutoa. Mche uliopandwa jana hunyauka mbele ya mwenye zawadi.

Funga chungu kwa leso. Karatasi zinalowa na kuchanika, leso inabaki kuwa nguo. Soma maandishi yake kabla ya kununua, kwani kuna leso za mafumbo ambazo hazifai kupelekewa mama mkwe wala jirani. Ndani weka kikaratasi chenye mambo matatu: jina la mmea, jua au kivuli, na maji kila baada ya siku ngapi.

Ukiwa na bodaboda au tuktuk, funika majani kwa gazeti lililoloweshwa. Upepo wa dakika kumi barabarani unatosha kukausha mche mchanga. Zawadi inayokwenda Lamu inapanda basi hadi Mokowe kisha mashua, basi mwagilia usiku wa kuamkia safari, uache maji yachuruzike yaishe, ukifunge kitako cha chungu kwa kitambaa kinene.

Pande zote mbili, anayepamba na anayepokea zawadi, wakumbuke mbu. Mbu wa dengi huzaa kwenye maji safi yaliyotulia, na chombo cha maua ni mahali pake hasa. Badilisha maji kila siku ya pili na usugue kuta za chombo, maana mayai hushika hapo. Kisahani cha chini ya chungu kijaze mchanga.

Na kwa mgeni anayerudi Ulaya, mche haufai kabisa. Tangu Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya zinadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea, mbegu ya kupanda na tunda bichi anaobeba msafiri. Huku kwetu cheti hicho hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na bila hicho mche utachukuliwa uwanja wa ndege. Matunda matano tu yameachiliwa: nanasi, ndizi, tende, duriani na nazi. Basi mpe nazi iliyofuliwa vizuri, ifunge kwa leso, na kikuba akivae akiwa bado Malindi.